Picha ya Kometi Imeharibika? Soma Kosa Lenyewe Kabla ya Kugusa Kamera

Oktoba 2024, kometi C/2023 A3 Tsuchinshan–ATLAS ilipokuwa inaonekana jioni upande wa magharibi, watu wengi wa huku kwetu walitoka na kamera na simu zao. Kuna waliorudi na picha safi sana. Wengine walirudi na picha nyeusi tii, au nyota zilizovutika, au anga la rangi ya chungwa lisilo na kitu. Kometi ijayo itawakuta na matatizo yaleyale, kwa sababu hayasababishwi na ubovu wa kamera. Yanatokana na mzunguko wa dunia, hewa nzito ya karibu na upeo, unyevu wa pwani, na dakika chache tunazopewa sisi wa karibu na ikweta.

Kabla ya kugusa kitufe chochote, kuza picha kwenye skrini hadi uone nyota mojamoja. Angalia za katikati, kisha za pembe zote nne. Umbo la nyota ndilo linalosema tatizo liko wapi. Ukishajua, badilisha kitu kimoja tu upige tena. Ukibadilisha ISO (wepesi wa kamera kunasa mwanga), muda na fokasi kwa mkupuo mmoja, picha ikipona hutajua dawa ilikuwa ipi.

Umepiga, kometi haimo kabisa

Hapa kamera iache kwanza. Kagua saa na upande unaoelekea.

Kometi hung'aa zaidi inapokaribia jua, ndiyo maana zile nzuri huonekana ama alfajiri mashariki ama jioni magharibi, tena kwa muda mfupi. Tsuchinshan–ATLAS ilifika karibu kabisa na jua tarehe 27 Septemba 2024, kwenye umbali wa kilomita milioni 59 hivi, kisha ikawa karibu kabisa na dunia tarehe 12 Oktoba, kilomita milioni 71 hivi. Mwishoni mwa Septemba ilikuwa ya alfajiri. Katikati ya Oktoba ilikuwa ya jioni. Aliyesoma habari ya wiki mbili nyuma akaamka saa 11 alfajiri tarehe 15 Oktoba hakuwa na cha kupiga, hata angekuwa na kamera ya thamani gani.

Halafu kuna suala la dakika. Huku kwetu jua huzama karibu wima, na kometi nayo huteremka karibu wima, digrii 15 kwa saa. Chukua jioni ya katikati ya Oktoba Dar es Salaam. Jua linazama saa 12 na robo hivi. Giza la kufaa linaingia dakika 50 baadaye, kwenye saa 1 na dakika 5, jua likiwa limeshuka digrii 12 chini ya upeo. Kometi iliyo digrii 25 kutoka jua itakuwa imebaki na digrii 13 juu ya upeo. Chini ya digrii 5 usiitegemee, kwa sababu hapo mwanga wake unapenya hewa nene mara kumi kuliko ile ya utosini. Kwa hiyo una nusu saa tu, kuanzia saa 1 na dakika 5 hadi saa 1 na dakika 35. Miongozo iliyoandikiwa Ulaya, ambako jioni huchukua muda mrefu kuingia giza, haikuandai kwa hilo. Stendi iwe imesimama na fokasi imekaa kabla dirisha hilo halijafunguka.

Upeo wenyewe uchague mchana. Ngumi ya mkono ulionyooshwa ni digrii 10 hivi. Ukiweka ngumi juu ya minazi au paa la jirani ukaona tayari umefika digrii 15, tafuta pengine. Ufukwe wa bara unaotazama Bahari ya Hindi ni mzuri kwa kometi ya alfajiri, lakini jioni mgongo wako ndio uko baharini, na mbele una mji na taa zake. Kwa kometi ya jioni, Mji Mkongwe wa Unguja unatazama maji upande wa magharibi, na Musoma vilevile juu ya Ziwa Victoria. Kigoma na Bujumbura pia ziwa liko magharibi, ila milima ya Kongo ng'ambo inakula sehemu ya upeo wa chini.

Kama saa na upande ni sahihi na bado huoni kitu, piga picha ya kutafutia. Lenzi ya milimita 35 au 50, tundu la lenzi f/2.8 au pana zaidi (namba ikipungua, tundu hupanuka), ISO 6400, sekunde 5. Itakuwa na chengachenga nyingi na haidhuru, kazi yake ni kukuonyesha kometi iko wapi. Programu ya Stellarium inapatikana bure na itakuonyesha nyota za jirani. Oktoba 2024 alama ilikuwa rahisi: Zuhura iling'aa kushoto, na kometi ilikuwa kulia kwake. Na usidanganywe na namba ya mng'ao inayotangazwa. Namba hiyo hujumlisha mwanga wa ukungu wote wa kometi kana kwamba umekusanywa kwenye nukta moja. Kometi na nyota zikitangazwa kwa namba moja, kometi kwa macho huwa hafifu zaidi, kwa sababu mwanga wake umetandazwa.

Nyota zimekuwa mistari

Tazama mistari yenyewe. Ikiwa yote imenyooka, ina urefu unaokaribiana na inaelekea upande mmoja, dunia imezunguka shata, yaani pazia la kamera, ikiwa wazi. Ikiwa kila nyota ina kijikia, ndoano au umbo la namba 7, na umbo hilohilo linajirudia picha nzima, stendi imetikisika. Ikiwa katikati nyota ni nukta safi lakini kwenye pembe zina mbawa, ni tabia ya lenzi. Funga tundu kidogo, kutoka f/1.8 kwenda f/2.8. Zikiharibika upande mmoja tu wa picha huku mwingine ukiwa safi, vioo vya lenzi vimekaa upande, na hakuna mpangilio wa kamera utakaokusaidia. Weka kometi kwenye upande mzuri uendelee na kazi.

Kuhusu mzunguko wa dunia, wapigapicha wengi wanaijua kanuni ya 500: gawanya 500 kwa milimita za lenzi upate sekunde. Kwa lenzi ya milimita 50 inakupa sekunde 10. Kwenye kamera ya sensa kamili yenye megapikseli 24, nyota iliyo karibu na ikweta ya anga (mstari wa angani ulio juu ya ikweta ya dunia) huwa imehama pikseli 6 hivi katika sekunde hizo 10. Huo tayari ni mstari. Mimi hutumia 250. Lenzi ya milimita 24 inapata sekunde 10, ya 50 sekunde 5, ya 135 chini kidogo ya sekunde 2, ya 200 sekunde 1 na robo. Kama kamera yako ni ya sensa ndogo (APS-C), zidisha milimita kwa 1.5 kwanza. Mwanga unaoupoteza utaurudisha kwa kupiga picha nyingi na kuziunganisha, jambo nitakalolifikia.

Kuhusu mtikisiko, zima kitulizaji cha lenzi kamera ikiwa kwenye stendi, kwa sababu hutafuta mtikisiko usiokuwepo na kuuzalisha chenyewe. Tumia taima ya sekunde 2 ili kidole kiwe kimeondoka shata inapofunguka. Usinyanyue nguzo ya katikati ya stendi. Ufukweni kuna kosa lisilotajwa sana: mchanga mbichi. Stendi huzama polepole, mguu mmoja zaidi ya mwingine, na nyota zinavutika kuelekea upande usiolingana na mzunguko wa anga. Panda juu penye mchanga mkavu, kandamiza miguu hadi ikatae kwenda, au weka kipande cha ubao chini ya kila mguu.

Nyota ni nene, au zimekuwa vijiduara

Fokasi imekosea. Alama ya mwisho-wa-upeo (∞) kwenye lenzi si ya kuaminiwa, na lenzi nyingi huruhusu pete kuzunguka hadi kupita hapo. Fokasi ya otomatiki nayo hubaki ikihangaika gizani.

Weka fokasi ya mkono. Washa skrini ya moja kwa moja, elekeza kamera kwenye Zuhura, Mshtarii au nyota yoyote kali, kuza mara 10. Zungusha pete taratibu. Duara litapungua, litakuwa nukta, kisha litaanza kuvimba tena. Rudi nyuma hadi pale lilipokuwa dogo kabisa. Kuna dalili nzuri zaidi ya udogo wa nukta: ukifika penyewe, nyota hafifu ambazo hazikuwepo kwenye skrini zinajitokeza pembeni. Zikitokea, acha kuzungusha. Bandika kipande cha selotepu juu ya pete. Kama lenzi ni ya kuvuta, kila ukibadilisha milimita rudia zoezi zima, na rudia tena baada ya nusu saa kwa sababu lenzi ikipoa fokasi husogea.

Picha za mwanzo zilikuwa safi, sasa kuna ukungu

Rudi nyuma kwenye kadi uzitazame kwa mfuatano, maana ukungu wa kioo uko wa aina mbili na tiba zake hazifanani.

Ukitoka kwenye gari au chumba chenye kiyoyozi Mombasa au Tanga, kioo ni baridi na hewa ya nje ni ya joto na imejaa mvuke. Kioo kinaloa papo hapo, picha ya kwanza kabisa ndiyo mbovu, na kadiri kamera inavyopata joto ndivyo picha zinavyosafika. Ukungu huu huisha wenyewe kwa nusu saa hivi, lakini nusu saa ndiyo dirisha lako lote. Toa kamera nje mapema ikiwa ndani ya begi lililofungwa, joto liingie polepole. Na usikimbilie kupangusa; chumvi ya bahari iliyotua juu ya kioo inakwaruza.

Aina ya pili ni umande wa nyanda za juu, kama Iringa au Limuru. Picha za kwanza ni nzuri, kisha kila nyota kali inaota taji la mwanga, kisha anga zima linakuwa kijivu. Huu hauishi, unazidi. Vaa lenzi kofia yake ya mbele muda wote, na kama unakusudia kukaa muda mrefu, nunua mkanda wa kupasha lenzi joto unaotumia pawabenki. Bila mkanda, funika lenzi kila unapopumzika.

Anga ni la chungwa, au jeupe

Kama ni la buluu nyepesi, umeanza mapema. Ngoja dakika kumi. Kama ni la chungwa au kijivu kinachoanzia chini, ni taa za mji. Kama mwangaza umeenea sawasawa pande zote, tafuta mwezi. Mwezi ulikuwa mpevu tarehe 17 Oktoba 2024, siku tano tu baada ya kometi kuwa karibu nasi, na watu wengi walilaumu kamera kwa jambo la mwezi. Jioni za tarehe 20 na kuendelea, mwezi ukichelewa kuchomoza, kometi ilikuwa imefifia lakini ilikuwa juu zaidi na kwenye giza halisi, na mkia ukawa unatoka vizuri zaidi kwa picha.

Fungua histogramu, ile grafu ya mwanga wa picha. Kilima kikikaa theluthi ya kushoto, mambo ni sawa. Kikivuka katikati, punguza ISO au muda. Weka mizani ya rangi kwenye kelvini 4000 hivi, na piga kwa RAW, faili ambalo kamera haijalichakata, ili uirekebishe nyumbani. Filta za kuzuia taa za mji sizipendekezi kwa kometi. Mkia wa vumbi ni mwanga wa jua uliorudishwa, wenye rangi zote, na filta inaukata pamoja na taa. Nauli ya kwenda kilomita 40 nje ya mji inakusaidia kuliko filta.

Kichwa kimetoka, mkia haupo

Mara nyingi mkia umo ndani ya picha, haujavutwa tu. Fungua faili la RAW, pandisha vivuli, shusha weusi wa anga, uone. Ukiwa umepiga JPEG peke yake, kamera imeshatupa sehemu kubwa ya tofauti hizo ndogo za mwanga.

Kama bado haupo, kumbuka mikia ni miwili. Wa vumbi ni mweupe wa manjano, mpana, uliopinda, na huo hutoka hata kwa picha chache. Wa gesi ni wa buluu, mwembamba, umenyooka kuelekea mbali na jua, na unadai giza na mwanga wa dakika nyingi zilizojumlishwa. Kichwa kikitoka kijani, rangi iko sahihi: ni molekuli za kaboni mbilimbili zinazong'aa kwa jua, nazo huvunjika kabla hazijafika mkiani, ndiyo maana mkia hauwi kijani. Usiifute.

Na kama katikati ya Oktoba 2024 ulipata mstari mwembamba uliotoka kichwani kuelekea upande wa jua, usiufute pia. Siku hizo dunia ilikuwa inapita kwenye bapa la njia ya kometi, na vumbi zito lililobaki nyuma lilionekana kwa ubavu, likiwa kama mkia wa kinyume. Wapo walioudhani mng'ao wa lenzi wakausafisha kwenye kompyuta. Walifuta kitu adimu kuliko vyote vilivyokuwa kwenye picha.

Unatumia simu

Simu inaweza, mradi isishikwe mkononi. Simu nyingi hupima utulivu, na zikihisi mkono hukupa sekunde 2 au 3 tu. iPhone zenye hali ya usiku hufikia sekunde 30 zikiwa zimetulia, na Google Pixel yenye hali ya kupiga nyota hufika dakika 4. Iegemeze kwenye tofali kama huna stendi, weka taima ya sekunde 3 au 10.

Kometi ikitoka kama doa lililopakwa rangi, umevuta kupita uwezo wa lenzi na simu imejaza pengo kwa kubuni. Tumia lenzi kuu, 1x, ukate picha baadaye. Lenzi pana ya 0.5x iache, tundu lake kwenye simu nyingi ni dogo na linakosa mwanga.

Una traka na nyota bado zinavutika

Traka, ile mota inayozungusha kamera ifuate nyota, inataka mhimili wake uelekee ncha ya anga, pale ambapo nyota zote huonekana kupazunguka. Karibu vitabu vyote vya maelekezo vinaanza na nyota ya kaskazini. Nairobi iko digrii 1.3 kusini mwa ikweta, Dar es Salaam 6.8. Kwetu nyota hiyo iko kwenye upeo au chini yake, haionekani, na ncha ya kusini imelala chini kabisa kwenye vumbi na ukungu, bila nyota kali ya kuitambulisha. Achana na darubini ndogo ya kulengea. Kwa dira, elekeza mhimili kusini. Kwa programu ya kupima mwinamo kwenye simu, uinue kwa digrii za latitudo yako. Msingi wa traka nyingi haushuki hadi pembe ndogo hivyo, basi weka traka juu ya kichwa cha kawaida cha stendi chenye nguvu. Kwa lenzi ya milimita 50 na sekunde 30 ulengaji huo unatosha. Kwa milimita 200 piga sekunde 8 au 10, usiwe na tamaa.

Ukiona mistari ni mirefu maradufu kuliko ile unayopata bila traka, swichi iko kwenye kaskazini. Mota inazunguka kinyume na anga. Iweke kusini.

Umeunganisha picha na kichwa kimekuwa mstari

Kometi ina mwendo wake mbali na wa nyota. Tsuchinshan–ATLAS jioni ya tarehe 15 Oktoba ilikuwa karibu na kundi la nyota la M5, na siku moja baadaye ilishaliacha kwa digrii kadhaa. Programu ikipanga picha kwa kufuata nyota, kometi inavutika. Ikifuata kometi, nyota zinavutika. DeepSkyStacker na Siril, zote za bure, zinakuruhusu kuilenga kometi yenyewe. Unganisha mara mbili, moja kwa nyota na moja kwa kometi, kisha ziweke pamoja. Kwa lenzi pana na picha za dakika tano au chini ya hapo, huna haja ya taabu hiyo.

Una kometi, lakini si yenyewe

Doa la kijani au la zambarau lililokaa upande wa pili wa fremu, mkabala na taa au mwezi, ni mwangwi wa mwanga ndani ya lenzi. Chora mstari kupitia katikati ya picha. Ukiunganisha doa na taa, umeshajua. Mkia mfupi wa dhahabu magharibi dakika chache baada ya jua kuzama ni moshi wa ndege uliopigwa na jua. Ngoja dakika kumi. Moshi utasambaa, kometi itashuka pamoja na nyota zake.

Na kuna siku kamera, lenzi na mpigaji wote wako sawa, ila kometi yenyewe imekufa. C/2024 S1 iligunduliwa mwishoni mwa Septemba 2024 ikasambaratika tarehe 28 Oktoba ilipolikaribia jua, kabla wengi hawajaipiga. C/2024 G3 ilipita karibu na jua tarehe 13 Januari 2025, na siku chache baadaye kichwa chake kikafifia kikabaki mkia mtupu. Ukikuta kichwa kimetoweka wakati nyota za jirani ni nukta safi, usibadilishe chochote. Rudi kesho yake na mpangilio uleule, lenzi ileile, muda uleule, ili picha hizo zilinganishwe na kuonyesha kometi ilivyovunjika siku hadi siku.